Kaswida, Mpasho na Ndala za Msikitini

Wapo wanaosema muziki na dini havipikwi chungu kimoja, na wapo wanaosema bila wimbo mtoto hashiki kitu. Mabishano hayo ni ya zamani na sitayamaliza mimi. Dufu sawa, kinanda je? Makofi je? Wenye elimu ya fikihi wanajua pa kuyasemea hayo. Mimi ni mtu wa maneno tu, na ninachotaka tukijadili hapa, wenzangu mnaotunga, ni kile kinachobaki dufu likishanyamaza, yaani mashairi yenyewe. Yanafundisha? Au yanapita sikioni kama tangazo la daladala, kila mtu analisikia na hakuna anayeshuka?

Nauliza hivyo kwa sababu nimesikiliza kaswida nyingi, zile za kanda tulizokuwa tunaazimana mpaka utepe unakatika, na hizi za leo za kwenye simu. Sauti nzuri, tena nzuri sana. Watoto wamepangwa, kanzu zimepigwa pasi, dufu linakwenda na moyo. Lakini sikiliza maneno. Swali. Funga. Jisitiri. Acha zinaa, acha pombe, acha kusengenya. Nyingi ni amri tupu, na amri zenyewe mtoto anazijua tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Hebu tuchukue ubeti mmoja, nimeutunga mwenyewe sasa hivi kwa dakika mbili ili nisimwonee mtu:

Ndugu yangu usiibe,
cha mwenzio usibebe,
imani yako ibebe,
akuepushe haramu.

Mizani nane kila mshororo, hesabu. Vina vipo, ingawa mtunzi amebeba "bebe" mara mbili kwa uvivu, na huyo wa kukuepusha haramu ni nani hata hajatajwa, maana Mola hakuenea kwenye mizani. Kasoro hizo zinarekebishika. Isiyorekebishika ni hii: huyo "ndugu yangu" ni nani? Ameiba nini? Ana njaa au ana tamaa? Na anayemwambia ni nani kwake, mama yake, hakimu, au aliyeibiwa? Hakuna. Ni sauti inayotoka hewani kwenda hewani. Mwizi mwenyewe akiisikia anaitikia vizuri kabisa, kwa sababu hajajiona.

Sasa turudi nyuma kidogo. Siyo kwa kuwa cha zamani ndicho bora, nyimbo za hovyo za zamani zilikufa na watu wake ndiyo maana hatuzisikii. Turudi kwa sababu hapa pwani tunayo kazi moja ambayo kila mwalimu wa fasihi anaitaja na wanafunzi wengi wanaikimbia: Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, yule aliyewatoa jasho askari wa Sayyid Said. Alipotunga alikuwa mgonjwa, na utendi wenyewe unaanza hapo hapo kwenye ugonjwa: mama anamwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi, ana neno la kumwambia. Angalieni tu huo mwanzo. Kabla ya amri yoyote, tumeshapata chumba, kitanda, mgonjwa, na msichana aliyekaa ameshika kalamu. Tunajua anayesema atakufa. Tunajua anayeambiwa atabaki peke yake. Hapo ukiambiwa "shika dini", neno lina uzito wa mtu anayeondoka.

Na anapofika kwenye maadili yenyewe hakai juu juu. Anashuka mpaka kwenye mkono na kwenye sauti. Mume akilala usimwamshe, usipaze sauti, usiondoke ukamwacha atafute, mpepee. Mlee kama mtoto ambaye hajajua kusema. Hebu fikiria mfano huo, mume kafananishwa na mtoto asiyejua kusema! Mimi kila nikiufikia nacheka kidogo, na sijui kama mama yule naye hakutabasamu. Wasomi wamebishana sana juu ya kejeli katika utendi huu, wengine wanaiona, wengine wanasema tunajipendekeza kwa macho ya leo. Kwangu mimi inatosha kwamba mfano unaruhusu kubishaniwa. Amri haibishaniwi, inatiiwa au inapuuzwa, kisha mtu anaendelea na safari zake.

Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo walimu wetu wanalipita haraka. Mwana Kupona anamkataza binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Anahesabu radhi tano ambazo mwanamke anazihitaji, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume, na huko akhera mume ataulizwa mkewe aende wapi. Sasa, ndugu msomaji, katika hayo yapi ni maadili ya Kiislamu na yapi ni maadili ya nyumba kubwa za Siyu zilizokuwa na watumwa uani? Swali hili halimvunjii heshima bibi yetu. Linatuhusu sisi tunaotunga. Ukifundisha dini kwa wimbo, unafundisha pia tabaka lako, mtaa wako na hofu zako, na mtoto anavimeza vyote pamoja kwa sababu vimefungwa kwenye kina kimoja. Dini hii hii ndiyo iliyompandisha Bilal, aliyekuwa mtumwa, akaadhini mbele ya mabwana. Vipi basi utendi wa dini unamwambia binti asikae na mtumwa? Mwalimu anayeurusha ubeti ule darasani ili aibu ipite anamnyima mwanafunzi somo kubwa kuliko yote yaliyomo.

Lamu penyewe jambo hili lilikuja kuchemka baadaye. Habib Saleh, mtu wa ukoo wa Jamalilail aliyetoka Ngazija, aliyefariki mwaka 1935, alikaa na watu wa chini, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, akawasomesha, na katika Maulidi akaruhusu matari na nyimbo. Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Ukisoma habari zake unaona kwamba ugomvi wa matari msikitini ulikuwa pia ugomvi wa nani ana haki ya kufundishwa dini na kuimba sifa za Mtume kwa sauti yake mwenyewe. Msikiti wake wa Riyadha upo mpaka leo na Maulidi ya Lamu yanajaza watu toka kila pembe ya pwani. Kwa hiyo mtu akikwambia kaswida ni burudani tu, mwambie huko Lamu iliwahi kugawa mji.

Niseme sasa neno ambalo najua litawaudhi baadhi. Kwa upande wa ufundi, wanawake wa mipasho wametuzidi.

Naam, mipasho. Mnakumbuka miaka ya 1990 hapa Dar, TOT upande huu na Khadija Kopa, Muungano upande ule na Nasma Khamis, na mji mzima unagawanyika kama Simba na Yanga. Wazee walilalamika kwamba taarabu imevuliwa nguo, mafumbo yametupwa, limebaki tusi. Sikatai. Taarabu ya kina Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu mwaka 1905, ilikuwa inamfunika mtu kwa ua na lulu mpaka anayesemwa ajitambue peke yake usiku akiwa kitandani. Ile ya Dar ilikuwa inamsimamia mtu mlangoni. Lakini angalieni kitu kimoja tu: mpasho una mtu. Kuna "wewe" mwenye sura, jirani mwenye choyo, shoga msaliti, mke mwenza. Mwanamke anapoinuka pale ukumbini na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji, anakwenda taratibu, anapita mbele ya anayemtaka asikie. Wimbo umemfikia. Umefanya kazi. Kazi mbaya labda, lakini imefanyika. Kaswida yetu inayosema usisengenye inamwambia nani? Watu wote, maana yake hakuna.

Mwana Kupona alikuwa na binti yake. Shaaban Robert naye alipotaka kuandika mausia alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na sisi tukawa tunasikiliza mlangoni. Ndiyo maana tunasikiliza! Barua ya mtu mwingine inasomeka kuliko waraka wa serikali. Mipasho inalijua hilo kwa silika. Watunzi wetu wa mambo mema wamelisahau.

Nina rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, anatunga kimya kimya. Madrasa moja, sitaitaja, ilimwomba kaswida ya watoto kuhusu wizi. Yeye hakuanza na mwizi wa benki. Alianza na ndala za msikitini. Kuna asiyewahi kutoka kwenye swala akakuta ndala zake zimehama? Kaswida yake inasemwa na mtoto mwenyewe aliyeiba, nimepewa ruhusa ninukuu beti mbili:

Ndala mpya mlangoni
nikazitia guuni,
nikapita uwanjani
kana kwamba ndizo zangu.

Inakuja Ijumaa ya pili, jua kali, mtoto anakutana na mwenye ndala:

Mzee akanijia,
peku, jua lamwakia,
na kheri kanitakia,
asijue siri yangu.

Basi. Hakuna "usiibe". Mzee hajui lolote, anamwombea heri mtoto na nyayo zake zinaungua. Mimi nilipousoma mara ya kwanza niliona haya kwa mambo ambayo hata hayahusiani na ndala. Katika beti zinazofuata mtoto anarudisha, tena anarudisha kwa kujificha, kwa hiyo mzee anadhani alizisahau mwenyewe. Hapo mimi na fundi tumebishana. Naona pamelegea kidogo, maana toba imekuja bei rahisi, mtoto hakupaswa kumtazama mtu usoni. Yeye anasema Mungu amesitiri, wewe unataka kufichua? Sijapata jibu zuri.

Ustadhi aliikataa kaswida. Hakuikataa kwa ubaya, na hoja yake siyo ya kudharau. Alisema: kaswida haisomwi, inaimbwa. Watoto arobaini wakisimama pale na kutamka kwa pamoja kwamba wameiba ndala, ulimi unazoea. Mama zao wamekaa wanasikiliza. Mwimbaji wa kaswida anatamka kwa kinywa chake, siyo kama mwigizaji wa jukwaani ambaye watu wanajua anaigiza. Dhambi, anasema, haiwekwi kwenye nafsi ya kwanza.

Nimeifikiria hoja hiyo siku nyingi. Ina ukweli kuhusu nguvu ya kuimba: kweli kinachoimbwa kinaingia kuliko kinachosomwa, vinginevyo tusingehangaika. Lakini nikajiuliza, mtoto wa madrasa anahifadhi nini kwanza? Juzuu ya Amma. Na ndani ya juzuu ile ile kuna sura ya An-Naziat, na ndani yake Firauni anajitangaza kwa kinywa chake kuwa yeye ndiye mola aliye juu kabisa. Mtoto wa miaka saba anayasoma maneno hayo kwa tajwidi, kwa sauti nzuri, na anapewa pipi akimaliza. Hakuna anayeogopa kwamba atakuwa Firauni. Kwa nini? Kwa sababu kisa kinaendelea na mtoto anajua yaliyompata. Sura ya Yusuf vivyo hivyo: ndugu wanapanga mauaji kwa maneno yao wenyewe, tunawasikia wakishauriana, mmoja anapunguza, wengine wanakubali kumtia kisimani, kisha wanarudi kwa baba yao usiku wanalia. Hatuambiwi tu kwamba husuda ni mbaya. Tunaisikia ikisema. Kama Kitabu chenyewe hakikuogopa kumpa mkosaji sauti, sisi wa vina na mizani tunaogopa nini?

Wenzetu wa muziki wa kizazi kipya walilijua hili bila kusoma fikihi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ferooz akiwa na Professor Jay alitoa Starehe, na asiyeukumbuka wimbo ule hakuwa na redio. Kijana anaumwa, ukimwi, anatazama nyuma maisha yake ya anasa na kuyasimulia. Hakuna aya ndani yake na hakuna aliyeuita kaswida. Lakini nimewaona washkaji wa kijiweni wakinyamaza ukipigwa, watu ambao khutba ya Ijumaa wanaitumia kusinzia. Kilichowanyamazisha ni "mimi". Angeimba "vijana acheni starehe" wangeendelea kucheza karata.

Hapo sasa inaingia ile tahadhari kubwa, na sisi watunzi tunapenda kuikwepa. Sura ya 26 ya Qur'ani imepewa jina letu kabisa, Ash-Shuaraa, washairi, na mwishoni mwake inatulaumu kwa mambo kadhaa, mojawapo kwamba tunasema tusiyoyatenda. Kisha inawatoa katika lawama hiyo wanaoamini na kutenda mema. Waislamu wa mwanzo hawakuielewa kuwa ni kufungiwa mdomo. Hassan bin Thabit alikuwa mshairi wa Mtume na akaendelea kutunga. Lakini kisu kimefika mfupani. Mtunzi wa ubeti wangu wa "usiibe" anasimama nje ya dhambi kana kwamba yeye haimhusu. Fundi wangu wa ndala, aliyesema "nikazitia", amejiweka ndani yake. Yupi kati yao yuko karibu zaidi na lawama ile? Nawaachieni.

Anayesimama nje daima mwisho wake huwa ni askari. Tazameni Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi sana. Rhoma Irama, aliyezaliwa mwaka 1946, alichukua dangdut, muziki wa mitaa ya watu wa chini, akautia gitaa la umeme lenye ladha ya roki, na baada ya kuhiji katikati ya miaka ya 1970 akaugeuza kuwa mimbari: nyimbo za kamari, za ulevi na madawa, za haki. Kundi lake la Soneta likajitangaza kuwa sauti ya Waislamu. Serikali ya wakati ule ilimfungia televisheni ya taifa kwa miaka, kwa sababu alikuwa akikiunga mkono chama cha upinzani cha Kiislamu, na watu wakazidi kumpenda. Huyo ni mtunzi mwenye cha kupoteza, na wimbo wake ulikuwa na uzito. Lakini mwaka 2003, msichana mmoja wa dangdut, Inul Daratista, alipovuma kwa mtindo wake wa kuzungusha kiuno, Rhoma akawa mstari wa mbele kumkemea hadharani. Umma ukagawanyika, na wengi wakamhurumia msichana, anayetoka katika ufukara ule ule ambao dangdut ilizaliwa nao. Mtu aliyekuwa akizuiwa akawa anazuia. Sisemi kiuno kile kilikuwa sunna, jamani. Nasema ukishazoea kusema "ninyi", siku moja utamnyooshea kidole mtu aliye chini yako.

Limebaki jambo la ufundi, nalo ni kiitikio. Watunzi wetu wengi wanaweka amri kwenye kiitikio kwa hesabu kwamba ndicho kinachorudiwa, kwa hiyo ndicho kitakachoshika. Mimi naona ni kinyume. Kinachorudiwa mara kumi na mbili kinakuwa ngoma, maana yake inachakaa kama sarafu. Kiitikio ni mahali pa umma, pa kumswalia Mtume, pa kushukuru, maneno ambayo kurudiwa hakuyaharibu kwa kuwa ndivyo yalivyokusudiwa. Kisa kikae kwenye beti, kwa sauti moja, mtoto mmoja mbele ya wenzake. Hapo hata hofu ya yule ustadhi inapungua: arobaini hawasemi "niliiba", wanasema sala, na mmoja tu ndiye anayesimulia, kila mmoja kwa zamu yake. Nimempelekea fundi wazo hilo. Amesema atalijaribu, ila kwanza anatafuta jina lingine la ndala litakaloenea kwenye mizani, maana ustadhi anaona neno lenyewe halina heshima.